Kopo, Karatasi na Fulana Kuukuu: Zawadi Tatu za Mkono Wako

Zawadi ya kwanza niliyoitengeneza kwa kopo ilikuwa taa ya mshumaa, nikampa dada yangu mkubwa. Aliipokea kwa furaha akaiweka karibu na dirisha. Miezi miwili baadaye niliitazama kwa karibu nikaona ukanda mweusi umelizunguka kopo ubavuni. Ilikuwa gundi ya lebo ambayo sikuitoa vizuri, na sasa ilikuwa imenasa vumbi lote la chumba. Matundu niliyatoboa kwa uangalifu, mpangilio ulipendeza, lakini jicho lilikuwa linakimbilia kwenye ule ukanda tu.

Tangu siku hiyo, nusu ya muda wangu inaishia kwenye kusafisha na kwenye kingo. Kazi hizo ndizo zinazolitoa kopo kwenye taka na kulifanya zawadi, kuliko hata ubunifu wa mapambo. Kwa hiyo nitakaa sana hapo.

Kabla ya kuanza

Usianze na wazo, anza na kabati. Ukianza na wazo utajikuta unanunua riboni, rangi na gundi za aina tatu, na mwisho wa hesabu zawadi imekugharimu kuliko ya dukani. Fungua kabati, angalia kilichopo, kisha uamue.

Kwa zawadi hizi tatu tafuta kopo moja au mawili ya chuma, karatasi za A4 zilizochapwa upande mmoja, kalenda ya zamani au jarida la rangi, maboksi membamba kama ya sabuni, na fulana moja iliyochakaa. Vifaa ni nyundo, misumari miwili ya unene tofauti, mkasi, rula, kisu cha kukatia karatasi, sindano kubwa, uzi imara na gundi nyeupe. Gundi ya unga wa ngano inafaa watoto wakiwa wanacheza, lakini wadudu wanaipenda, kwa hiyo usiitumie kwenye kitu unachotaka kidumu.

Kopo lipime kwa sumaku. Likishika, ni chuma na linafaa. Lisiposhika ni alumini: ukuta wake ni mwembamba mno, na ukiutoboa matundu mengi unachanika.

Kusafisha

Loweka kopo kwenye maji ya moto yenye sabuni kwa nusu saa. Karatasi ya lebo itabanduka yenyewe au kwa kusuguliwa kidogo. Kinachobaki ni gundi, na hiyo haisikii maji. Kausha kopo, paka mafuta ya kupikia juu ya gundi yote, liache nusu saa nyingine, kisha sugua kwa kitambaa kikavu. Utaona gundi inajikunja vipande vipande na kutoka. Osha tena kwa sabuni mpaka kopo lilie chini ya kidole.

Sasa chukua kipande kidogo cha pamba na ukipitishe polepole juu ya kopo lote. Panapoacha nyuzi, bado pana gundi, hata kama macho yako yanakwambia pako safi. Rudia mafuta hapo. Pamba hiyohiyo ipitishe kwenye mdomo wa kopo: ikinasa, pana ncha kali, na ncha hiyo ingekuja kunasa kidole cha mtu unayempenda. Ibane kwa koleo mpaka ilale, halafu piga msasa. Siku hizi sianzi kazi yoyote ya kopo kabla pamba haijapita bila kukwama.

Zawadi ya kwanza: taa ya kopo

Hatua ya 1. Jaza kopo maji, ukiacha nafasi ya sentimita 2 juu. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na ukilijaza pomoni kopo litafura. Liache kwenye friza usiku mzima mpaka barafu ishike hadi katikati. Barafu ndiyo inayouzuia ukuta usibonyee unapogonga msumari. Kama huna friza, tafuta kipande cha gogo kinachoingia kopo kwa kubana, ulitoboe likiwa limekivaa. Matundu hayatakuwa safi kama ya barafu, lakini yanapendeza.

Hatua ya 2. Kata karatasi inayolizunguka kopo mara moja, ichore vitone vya pambo lako. Nyota, majani, mawimbi, herufi ya kwanza ya jina la mpokeaji, vyote vinawezekana. Acha milimita 8 hadi 10 kati ya kitone na kitone. Chini ya milimita 5 chuma kinaanza kuchanika na matundu mawili yanakuwa moja. Anayeanza nampa shauri la kuchora mistari michache na kuacha sehemu kubwa wazi, kwa sababu gizani kila tundu linatoa mwanga mpana kuliko linavyoonekana mchana.

Hatua ya 3. Toa kopo kwenye friza, lifunge ile karatasi kwa utepe, ulilaze juu ya taulo lililokunjwa ili lisibiringike. Weka msumari wima juu ya kitone na upige mapigo mawili au matatu thabiti. Sikiliza. Pigo la kwanza linalia kama kengele ndogo, kwa kuwa ni chuma bado. Msumari ukishapenya, sauti inageuka nzito na fupi: umefika kwenye barafu. Acha hapo na uuchomoe. Ukiendelea kupiga, barafu inapasuka na kopo linapoteza mhimili wake. Anza na msumari mnene kwenye vitone vikubwa, malizia na mwembamba. Ukiona maji yanachuruzika kwa wingi, rudisha kopo kwenye friza saa moja, karatasi ikiwa bado imefungwa.

Hatua ya 4. Barafu ikiyeyuka, mwaga maji na ukaushe kopo papo hapo, ndani na nje. Usiliache lijikaushe. Kopo la chuma limepakwa bati ili lisishike kutu, lakini kila tundu ulilotoboa limefungua chuma kitupu, na kutu itaanzia hapo. Mimi huliweka juani, kisha nalifuta kwa kitambaa chenye tone moja la mafuta. Kitako kikiwa kimefura, lipindue kopo na ukigonge kitako taratibu mpaka kopo lisimame bila kuyumba.

Hatua ya 5. Weka mchanga mkavu wa kina cha sentimita 1 ndani. Mchanga unashika mshumaa wima na kukinga meza na joto. Ukitaka mpini, toboa matundu mawili yanayotazamana karibu na mdomo, upitishe waya na kuukunja ncha kwa ndani.

Sipaki rangi taa itakayowekewa mshumaa wa moto, maana rangi za kawaida zinanuka na kubabuka zikipata joto. Kama ni lazima iwe na rangi, iwekee taa ndogo ya betri. Na kila taa naifungia kikaratasi chenye maneno matatu ya muhimu: ukuta wa ndani una ncha za matundu, usiingize vidole; kopo linapata moto, usilishike likiwaka; usiliache likiwaka peke yake.

Zawadi ya pili: daftari la karatasi za upande mmoja

Kila nyumba na kila ofisi ina rundo la karatasi zilizochapwa upande mmoja. Wengi wanazishona hivihivi, na mpokeaji anapata daftari lenye ukurasa mmoja mweupe na mmoja uliojaa hesabu za mtu mwingine. Kuna njia nzuri zaidi. Wachina na Wajapani kwa karne nyingi walifunga vitabu kwa karatasi zilizokunjwa katikati, mkunjo ukitazama nje na kingo zilizo wazi zikishonwa kwenye uti, yaani mgongo wa kitabu. Wao waliacha maandishi nje. Sisi tunageuza: maandishi yanafichwa ndani ya mkunjo, na kila ukurasa unaoguswa na kalamu ni mweupe.

Kwanza pitia rundo lako. Toa kila karatasi yenye majina, namba za akaunti au habari za ugonjwa, kwa kuwa mtu akichungulia ndani ya mkunjo atasoma. Toa pia zilizochapwa picha nzito nyeusi, kivuli chake kinaonekana upande wa pili. Chukua 30 zilizobaki. Zitakupa kurasa 60.

Kunja kila karatasi katikati, maandishi yakiwa ndani, na uupige mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Zipange zote mkunjo ukiwa kulia, kingo wazi kushoto. Gonga rundo juu ya meza, kwanza upande wa mikunjo, kisha upande wa chini, mpaka lilingane. Kata majalada mawili kutoka kwenye boksi, urefu na upana sawa na karatasi. Kwenye jalada la mbele pitisha mgongo wa kisu mara moja tu, sentimita 1.5 kutoka kwenye uti, bila kukata. Mstari huo ndio bawaba. Ukiusahau, jalada litavunjika ovyo siku ya kwanza.

Bana kila kitu kwa vibanio vya nguo. Sentimita 1 kutoka kwenye uti, weka alama nne: 1.5, 7.5, 13.5 na 19.5 kutoka juu. Toboa kwa msumari mwembamba na nyundo juu ya ubao.

Kushona kunawatisha watu, lakini kanuni ni fupi: katika kila tundu uzi unazunguka uti mara moja kabla ya kwenda tundu linalofuata. Kata uzi wa mita moja. Anza tundu la pili, ukiingia kutoka nyuma kwenda mbele, na uache mkia wa sentimita 10 nyuma. Zungusha uzi kwenye uti, ingia tena tundu hilohilo kutoka nyuma. Sasa uko mbele: shuka (yaani ingia kutoka mbele kwenda nyuma) tundu la tatu, zungusha uti, shuka tena. Uko nyuma: panda (yaani ingia kutoka nyuma kwenda mbele) tundu la nne, zungusha uti, panda tena, kisha zungusha ukingo wa chini wa daftari na upande mara nyingine. Rudi juu ukijaza mapengo: shuka la tatu, panda la pili, shuka la kwanza. Hapo zungusha uti, shuka, zungusha ukingo wa juu, shuka tena. Uzi sasa uko nyuma na mkia wako uko nyuma, kando ya tundu la pili. Vuta vyote vikaze, funga fundo mara mbili, sukuma ncha ndani ya tundu.

Kaza uzi kila hatua, usingoje mwisho. Uzi uliolegea katikati haukazwi tena.

Jalada la boksi lina maandishi ya sabuni? Geuza upande wa kijivu uwe nje. Unavutia kuliko unavyodhani, na jina la mpokeaji kwa kalamu nyeusi linakaa vizuri juu yake.

Zawadi ya tatu: bangili ya shanga za karatasi

Hii ni rahisi, nitaipita haraka. Chukua ukurasa wa kalenda wenye ukubwa wa A4. Kwenye ukingo mfupi wa chini weka alama kila sentimita 2 kuanzia 0. Kwenye ukingo wa juu anza na sentimita 1, kisha kila 2. Unganisha alama kwa mistari ya kupanda na kushuka, kata, na utapata pembetatu ndefu 20 pamoja na vipande viwili vya pembeni vya kutupa.

Viringa kila pembetatu juu ya kijiti cha meno ukianzia upande mpana, kwa kubana, huku ncha ikibaki katikati. Paka gundi kuanzia nusu ya pili mpaka mwisho. Ukipaka gundi tangu mwanzo, shanga inang'ang'ania kijiti na unaiharibu ukiitoa. Usipoibana, ukiitikisa utaona karatasi ya ndani inachomoka kama darubini. Rangi inayoonekana ni ya kingo na ya ncha, kwa hiyo picha yenye rangi zinazobadilika ghafla inatoa shanga nzuri kuliko uso wa mtu au mandhari.

Paka vanishi au rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, kila mara ukisubiri ikauke kabisa. Zikikauka, zitunge kwenye uzi imara. Shanga 9 au 10 zinatosha mkono wa mtu mzima, hivyo ukurasa mmoja unatoa bangili mbili. Mwambie mpokeaji aivue anapooga.

Kufunga

Kata fulana kwa upana, chini ya makwapa, vipande vya sentimita 2. Shika kila kipande ncha mbili na ukivute kwa nguvu: kingo zinajikunja zenyewe na kinakuwa kamba ya mviringo, laini, isiyofumuka. Hiyo ndiyo riboni yako. Taa ifungie kwenye kitambaa kilichobaki cha fulana hiyohiyo, daftari lizungushie kamba mara mbili, na bangili iweke ndani ya boksi dogo ulilolifumua, ukaligeuza ndani nje na kuligundisha upya. Kabla ya kufunga fundo la mwisho, pitisha pamba mara moja zaidi kwenye mdomo wa ile taa.