Godauni la Alizeti Kuwa Fleti: Anza na Ufunguo na Ndoo ya Maji

Mtu akinunua godauni kuukuu hapa Dodoma, hukimbilia kwa mchora ramani. Mimi humwambia asubiri. Chukua ufunguo na ndoo ya maji, tuingie ndani.

Kwaruza katikati ya mawe kwa ufunguo. Ukitoka unga mweupe laini, ukuta ulijengwa kwa chokaa, basi usiupige lipu ya saruji. Ardhi yetu ina chumvi, na unyevu hupanda nayo ukutani. Chokaa huutoa nje. Saruji huufungia ndani, mwisho lipu inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Sisi, kwenye godauni la alizeti tulilogeuza kuwa fleti, tulichanganya ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, tukafunika magunia mabichi wiki nzima, maana jua la huku hukausha kabla haijashika.

Sasa mwaga maji sakafuni. Yakijikusanya matone bila kuzama, zege limekunywa mafuta. Kwetu kinu kilikamua alizeti miaka mingi. Tuliosha mara tatu, tukapanga vigae vya chumba cha kwanza. Mwezi haukuisha, vikang'oka kwa mkono. Ikabidi kuvunja sakafu yote, kuzoa udongo uliolowa chini yake, kutandika nailoni nzito na kumwaga zege jipya. Gharama hiyo iwe kwenye bajeti yako kabla hujalipia jengo.

Kisha mwanga. Dirisha huangaza vizuri kina cha kama mara mbili ya kimo cha ukingo wake wa juu kutoka sakafuni, na godauni lile lilikuwa na upana wa mita 18. Mama mwenye jengo alitaka fleti 12, mimi nikachora 9 na ua katikati.

"Fundi, fleti zangu tatu unazitupa?"

"Mama, kaa hapa katikati saa nane hii, usome gazeti."

Hakuweza kusoma hata kichwa cha habari. Tukaezua mabati ya katikati, kenchi zinazobeba paa tukaziacha wazi.

Paa likiwa la asbesto, usiruhusu vijana walikate wala kulivunja. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Tafuta wenye vifaa vya kazi hiyo.

Ghorofa ya ndani isimame kwa nguzo na msingi wake yenyewe, ikiachana na ukuta wa zamani. Tuko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa, ardhi hutikisika, na ukuta wa chokaa hauhimili slabu, yaani sakafu ya zege ya juu, inayousukuma.

Halmashauri ya Jiji wataanza na kubadilisha matumizi ya ardhi, ndipo kibali cha ujenzi. Ukitaka kuuza fleti mojamoja, sheria ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu kuwa na hati yake.

Kitako cha zege cha kinu usikivunje kama kiko karibu na ukuta, nyundo itaupasua. Chetu kimebaki uani, na wapangaji wanaanikia mlenda juu yake.