Namna ya Kuuzuru na Kuusoma Mji wa Manti, Utah

Manti uko katika bonde la Sanpete, katikati ya jimbo la Utah, yapata kilomita 190 kusini mwa Salt Lake City. Siku moja inakutosha, ila isiwe Jumapili: maduka mengi hufungwa na wenyeji huwa ibadani. Treni ya abiria hakuna. Kwa gari, shika barabara kuu ya I-15 hadi Nephi, pinda mashariki kwa barabara ya 132 kupitia Fountain Green na Moroni, kisha ingia ile ya 89 kuelekea kusini. Jua likishazama punguza mwendo, maana kulungu huvuka bila taarifa.

Mji umeinuka takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi. Usidanganyike na namba hiyo ukafungasha nguo za Nairobi. Januari usiku huganda barafu. Julai mchana joto hugusa nyuzi 30, na jioni utatafuta sweta. Hewa ni kavu kiasi kwamba jasho halihisiki na kiu huchelewa, kwa hiyo beba maji na mafuta ya midomo. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Njia ya mlimani iitwayo Skyline Drive hupita juu ya mita 3,000, na theluji huweza kuifunga hadi Julai. Uliza kabla ya kupanda.

Mvua na theluji kwa pamoja hutoa takriban milimita 350 kwa mwaka. Mazao mengi hayawezi kutegemea kiasi hicho, na hapo ndipo pa kuanzia kuusoma mji. Simama barabarani ukitazama mashariki: theluji ya milimani huyeyuka wakati wa joto na kushuka kupitia korongo la Manti. Walowezi wa Kimormoni (waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho) waliyachepusha maji hayo kwa mifereji, wakagawana kwa zamu za saa: zamu yako ikifika saa nane usiku, unatoka na koleo saa nane usiku. Aliyechelewa kufungua mlango wa mfereji wake alipoteza maji hadi zamu nyingine. Ndiyo maana nyumba zilisongamana mjini na mashamba yakawa nje: mifereji, ulinzi na kanisa vilitaka watu wakae karibu.

Anwani huwachanganya wageni wengi, na kosa ni kukisoma kama jina kile ambacho ni kipimo. Barabara zimenyooka kwa dira na huhesabiwa kutoka katikati ya mji, mia moja kwa kila kitalu, yaani kipande cha mji kati ya barabara mbili. Chukua “145 West 300 South”. Sehemu ya pili ndiyo barabara: iko vitalu vitatu kusini mwa katikati. Sehemu ya kwanza ni nyumba yenyewe: ipo kitalu kimoja na nusu hivi magharibi. Ukizigeuza sehemu hizo mbili utajikuta mbele ya nyumba ya watu wengine, hivyo andika anwani yote, pamoja na herufi za dira.

Sasa panda kilima cha hekalu la Wamormoni. Walowezi wapatao 224 walifika Novemba 1849 wakiongozwa na Isaac Morley, kwa mwaliko wa Wakara, kiongozi wa Wa-Ute, wenyeji wa asili wa eneo hili. Majira yale ya baridi wengi waliishi katika mashimo waliyochimba ubavuni mwa kilima hiki. Hali ya hewa ilipopata joto, nyoka wenye sumu wakatoka miambani kwa wingi. Urafiki na Wa-Ute haukudumu. Vita vya Black Hawk, kati yao na walowezi, vilianza kwa ugomvi papa hapa, Aprili 1865, na ziara inayoruka jambo hilo ni nusu ya ziara.

Hekalu lilichorwa na William H. Folsom na kuwekwa wakfu mwaka 1888. Jiwe lake la rangi ya malai lilichimbwa kilima hichohicho. Chukua kioo cha kukuzia: ukiona chembe za duara kama mayai ya samaki, hiyo ni chokaa ya ooliti, na nyumba kadhaa za zamani mjini zimejengwa kwayo. Siki hulifanya jiwe hilo litoe povu, lakini jaribu kwa kokoto ya chini, kamwe si ukutani. Ndani huingii isipokuwa uwe muumini mwenye kibali. Kanuni ni ileile ya hekalu lao la Kinshasa, lililofunguliwa 2019. Bustani inatosha.

Malizia makaburini. Hesabu majina yanayoishia kwa “-sen”: Jensen, Nielsen, Christensen. Wadenmaki wengi waliobatizwa kwao walihamia bonde hili, na mawe ya makaburi yanalieleza hilo haraka kuliko bango lolote.