Laza tawi la mwasumini masika haya, usilikate
Ukitaka mwasumini wa pili bila kununua mche, subiri mvua za masika zikishalowesha ardhi, kisha ulaze tawi likiwa bado kwenye mti. Chagua tawi refu la chini, si laini sana, linalopindika bila kuvunjika. Chini ya kifundo kimoja, pale yanapotokea majani, kwangua ganda kwa kisu kiasi cha urefu wa kucha. Toa majani ya hapo, fukia kina cha vidole vitatu, weka jiwe juu lisifyatuke, ncha uiache nje. Jiwe hilo pia hutunza unyevu. Baada ya wiki 6 hadi 8 livute taratibu: likigoma kutoka, limeshika mizizi. Likate upande wa mti mama, uliache siku chache lizoee, ndipo ulihamishe, jioni.

Kipande kilichokatwa hunyauka kwa sababu majani yanapoteza maji na mizizi haijatoka. Tawi lililolazwa linaendelea kunywa kwa mama yake, na chakula kinachoshuka kutoka majanini hukwama penye mkwaruzo, mizizi ikachipukia hapo hapo.

Haifai kwenye udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji, jeraha litaoza. Changanya mchanga kwanza. Tawi kuukuu lenye ganda gumu la kahawia nalo husumbua, na mvua zikikatika lazima umwagilie. Mrehani wa kuchanganya kwenye vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, hauhitaji kazi yote hii: kata kijiti kisicho na maua, kitie kwenye glasi ya maji, kitatoa mizizi chenyewe.