Kuongeza Kasi ya Prosesa Bila Kuikaanga

Wengi wakianza ovakloki, yaani kuiendesha prosesa kwa kasi kuliko ile ya kiwandani, hukimbilia namba ya gigahezi. Mimi huangalia volti kwanza. Joto la prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini volti ikipanda, joto hufuata mraba wake. Piga hesabu: ukitoka gigahezi 4.7 kwa volti 1.20 hadi gigahezi 5.0 kwa volti 1.35, kasi imeongezeka kwa takriban asilimia 6, na umeme unaogeuka joto kwa takriban asilimia 35. Kwa hiyo kazi yetu ni kutafuta volti ndogo kabisa inayoweza kubeba kasi unayoitaka.

Hatua ya 1: Hakikisha mashine inaruhusu

Kwa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K kwenye jina na bodi mama ya familia ya Z, mfano Z690 au Z790. AMD wameachia zaidi: Ryzen nyingi ziko wazi, ila bodi za A520 na A620 hazikubali, na 5800X3D imefungwa. Soma pia masharti ya waranti kabla hujagusa kitu.

Hatua ya 2: Pima hali ya sasa

Weka HWiNFO64, programu ya kusoma joto na volti, kisha endesha Cinebench, programu ya kupima nguvu ya prosesa, kwa kore zote (kore ni vitengo vya kazi ndani ya prosesa) kwa dakika 10. Andika alama ulizopata, joto la juu kabisa, wati, na Vcore, yaani volti ya kore, wakati mzigo umekolea.

Hapa usiangalie namba tu, angalia joto linavyopanda. Likiruka hadi nyuzi 95 za Selsiasi ndani ya sekunde moja au mbili, mara nyingi kipoza hakijakaa sawasawa juu ya prosesa: skrubu zimelegea, pesti ya kupitisha joto imekauka, au ile karatasi ya plastiki ya kiwandani bado imebaki chini ya kipoza (hutokea kuliko unavyodhani). Likipanda polepole kwa dakika kadhaa bila kutulia, kipoza kimezidiwa au hewa haizunguki ndani ya kesi. Shida hizi zitatue kwanza. Ukiwa tayari unagonga 90 bila kuongeza chochote, huna cha kuongeza.

Hatua ya 3: Ingia BIOS

BIOS ni menyu ya mipangilio ya bodi mama: bonyeza Del au F2 kompyuta inapowaka. Zima XMP au EXPO, mipangilio inayoongeza kasi ya RAM, kwa muda, ili mashine ikianguka ujue kosa ni la prosesa na si la RAM. Kasi hutokana na masafa ya msingi, megahezi 100, kuzidishwa na kizidisho: 100 mara 47 ni gigahezi 4.7. Masafa ya msingi yaache kama yalivyo, cheza na kizidisho peke yake.

Volti usiiache kwenye Auto. Bodi nyingi zikiona umeongeza kasi humwaga volti kwa ukarimu ambao hukuuomba. Weka mwenyewe, ukianzia karibu na Vcore uliyoiandika.

Kisha tafuta load-line calibration, yaani LLC. Mzigo ukija, Vcore hushuka kidogo. LLC huamua ishuke kiasi gani. Ukiiweka kwenye ngazi kali kabisa, Vcore haishuki, lakini mzigo ukiachiliwa ghafla volti huruka juu kwa kufumba na kufumbua, na HWiNFO haiwezi kukuonyesha. Chagua ngazi ya kati. Angalia maelezo ya bodi yako, maana kuna bodi ambazo 1 ndiyo kali na nyingine ambazo 8 ndiyo kali.

Hatua ya 4: Panda kidogo kidogo

Ongeza kizidisho kwa 1, washa, pima kwa dakika 10. Ikiganda, au ikaleta skrini ya bluu yenye CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT au WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, mara nyingi volti haitoshi: ongeza 0.01 au 0.02, jaribu tena. Ikigoma kabisa kuwaka, futa CMOS, kumbukumbu inayoshika mipangilio ya BIOS, uanze upya.

Itafika mahali ngazi moja ya kizidisho inadai volti 0.05 au zaidi. Rudi ngazi moja nyuma na ukae hapo. Kwa matumizi ya kila siku mimi sivuki 1.35 chini ya mzigo wa kore zote, na kwenye jaribio gumu sitaki joto lipite 85. Volti ya kupita kiasi si hofu ya vijiweni: mwaka 2024 Intel walilazimika kutoa maikrokodi 0x129, sasisho la programu ya ndani ya prosesa, kwa prosesa za kizazi cha 13 na cha 14, inayozuia maombi ya zaidi ya volti 1.55, baada ya baadhi yake kuanza kuyumba.

Hatua ya 5: Jaribio refu

Endesha OCCT, programu ya kuitesa prosesa kwa mzigo, kwa saa kadhaa. Prime95, nyingine ya aina hiyo, kwenye jaribio la Small FFTs lenye AVX (amri nzito za hesabu) hutoa joto kuliko kazi yoyote ya kawaida, hivyo usishtuke. Ukimaliza fungua Event Viewer ya Windows utafute WHEA-Logger, rekodi za makosa ya vifaa. Mashine inaweza kuonekana nzima huku ikisahihisha makosa kimyakimya. Ukiyaona, volti bado haitoshi. Ndipo urudishe XMP na upime tena.

Wa Ryzen, njia yenu ni nyingine kidogo. Ukifunga kore zote kwenye kasi moja, unapoteza ile kasi ya juu ambayo kore moja hujipa yenyewe. Afadhali tumia PBO, inayolegeza mipaka ya umeme ili prosesa ijiongezee kasi, na Curve Optimizer, inayopunguza volti kwa kila kasi: anza na -10 kwa kore zote, kila hatua ikipunguza takriban milivolti 3 hadi 5. Joto likishuka, prosesa hujiongezea kasi yenyewe. Hapa makosa hujitokeza hata mashine ikiwa imetulia tu, kwa hiyo itumie kawaida siku kadhaa kabla ya kwenda -20.

Mwisho, hifadhi mipangilio kama profaili ndani ya BIOS na upige picha kila ukurasa kwa simu. Ukisasisha BIOS, mara nyingi profaili hizo hufutika.