Kufuatilia fulana ya bei ya chini hadi ilikoshonwa

Anzia ndani ya vazi, kwenye mshono wa ubavuni. Hapo ndipo lebo za maelezo ya kufulia hushonwa, na mara nyingi zipo zaidi ya moja. Zipige picha zote, mbele na nyuma, kabla hujafua, maana wino hufutika. Kwenye mitumba nyingi huwa hazisomeki tena. Tafuta nchi, namba ya modeli, na herufi RN zinazofuatwa na tarakimu, kwa kawaida tano au sita.

Nchi peke yake haikufikishi mbali. Inakuambia vazi liliposhonwa tu. Pamba na kitambaa huenda vilitoka kwingine kabisa.

RN ni usajili wa Marekani. Iingize kwenye hifadhidata ya bure ya FTC, tume ya biashara ya nchi hiyo, upate jina la kampuni. Wengi hukosea hapa: mara nyingi jina hilo ni la mwagizaji au muuzaji, si la kiwanda. Litafute tena kwenye Open Supply Hub, ramani huria ambamo kampuni kadhaa huorodhesha viwanda vinavyozishonea. Angalia tarehe ya orodha, kwa kuwa viwanda hubadilishwa mara kwa mara.

Kiwanda kikiwa Bangladesh, fungua tovuti ya RSC, baraza lililorithi ukaguzi ulioanzishwa na mkataba wa usalama wa 2013. Soma kwanza kasoro ambazo hazijarekebishwa: ngazi, milango ya dharura, nguzo.

Mkataba huo ulitokana na Rana Plaza, Savar, karibu na Dhaka. Jengo la ghorofa nane lenye viwanda vitano vya nguo liliporomoka 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134. Nyufa zilionekana siku iliyotangulia. Benki na maduka ya chini yakafungwa, mafundi wa cherehani wakaamriwa kurudi kazini. Lebo zilizookotwa kwenye kifusi ndizo zilizosaidia kuonyesha nguo zilikuwa za nani.

Usiridhike na cheti. Ali Enterprises, kiwanda cha nguo cha Karachi, Pakistan, kilichoungua Septemba 2012 na kuua watu zaidi ya 250, kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha hali za kazi wiki chache tu kabla. Milango ilikuwa imefungwa, madirisha yana nondo.

Ukikwama, iandikie kampuni. Ukiuliza kama inawajali wafanyakazi utaletewa maneno matamu. Uliza hivi: modeli hii imeshonwa kiwanda gani, anwani ipi? Fundi wa daraja la chini analipwa kiasi gani bila ovataimu? (Kima cha chini kilichoanza Bangladesh Desemba 2023 kilikuwa taka, fedha ya huko, 12,500 kwa mwezi; vyama vya wafanyakazi vilidai 23,000.) Je, kuna sehemu ya kazi iliyopelekwa kwa mkandarasi mwingine?

Hilo la mwisho usiliache. Oda ikiwa kubwa na muda mfupi, kiwanda kilichokaguliwa huweza kuigawa kwa karakana isiyo kwenye orodha yoyote, na hapo ufuatiliaji wako hukatika. Wiki mbili zikipita bila jibu, tuma tena, safari hii ukiambatanisha picha za lebo.