Kuchagua giaboksi oto ya gari la dregi (mbio fupi za kunyooka): anza na kilo, farasi baadaye

Swali ninaloulizwa ni lile lile kila siku, "nina injini ya farasi 1000, nichukue boksi gani?" na mi huwa najibu kwa swali, gari lako lina kilo ngapi ukiwa umekaa ndani na helmeti kichwani? Mtu anabaki kunishangaa. Ila boksi haijui farasi, inachojua ni toki, yaani nguvu ya kuzungusha, inayoingia na uzito inaotakiwa kuusukuma, ndo maana farasi 1000 kwenye Mustang ya miaka ya 80 yenye kilo kama 1400 na farasi hao hao kwenye Nissan Patrol ya tani mbili na ushee ni habari mbili tofauti kabisa. Binamu yangu yuko Muscat ana Patrol yenye injini ya TB48, tumebishana hili mpaka tukachoka, yeye anataka boksi aliyoiona kwenye kigari chepesi cha Texas na mi namwambia hapana, hiyo itakufia mikononi.

Kingine ni tairi na uwanja. Tairi likiteleza boksi inapumua, tairi likishika barabara ndo vyuma vya ndani vinaomba poo. Kuna watu wanajisifu boksi yao ya stoku, yaani kama ilivyotoka kiwandani, imebeba farasi 800 miaka miwili, ukiangalia vizuri gari halijawahi kushika hata siku moja, linachoma moshi tu mpaka katikati ya uwanja.

Ukishajua kilo, jua una farasi wangapi kweli, achana na namba ya kwenye stori. Chukua ile slipu ya uwanjani, soma mwendo wa mwisho wa robo maili kwa maili kwa saa, gawa kwa 234, jibu lipandishe kipeo cha tatu alafu zidisha na uzito wa gari kwa paundi. Gari la paundi 3200 lililopita kwa maili 140 linakupa farasi kama 685. Hapo mwenye gari alikuwa anatangaza 900. Sio hesabu ya maabara lakini inatosha kumpa fundi wa boksi ukweli, na fundi ukimdanganya anakutengenezea boksi ya gari la mtu mwingine.

Sasa boksi zenyewe. Nazungumzia zaidi za Marekani kwa sababu huku ndo mchezo ulikokulia na hata injini za Japani kama 2JZ ya Toyota na TB48 zenye nguvu nyingi mara nyingi zinaishia kufungwa hizi hizi kwa belihauzi (ganda linalounganisha boksi na injini) ya kuchonga.

Powerglide ni ya Chevrolet, ilitoka 1950, kesi (ganda la nje) ya aluminiamu ikaja 1962 na uzalishaji ukaisha 1973. Ina gia mbili tu za mbele. Mtu akisikia gia mbili anacheka, kwani hiyo ni pikipiki ya mtoto? Lakini fikiria hivi, gari lako lina injini ya tabo yenye toki ya Nm 1000, konvata, ile inayokaa kati ya injini na boksi na kupitisha nguvu kwa oili, wakati wa kuondoka inazidisha toki tuseme mara mbili, kwenye TH400, boksi ya gia tatu inayofuata hapa chini, gia ya kwanza ni 2.48 kwa hiyo kwenye propela inafika karibu Nm 4960. Powerglide yenye gia ya kwanza 1.76 inapeleka Nm 3520. Kama gari ni jepesi na tairi ni dogo, ile tofauti yote ya TH400 inaenda kuwa moshi, wakati Powerglide inakuondoa kistaarabu, unabadili gia mara moja tu na boksi yenyewe ni nyepesi na inakula nguvu kidogo kuizungusha. Hasara yake ni mshuko wa mizunguko, ukibadili kwenye 7000 kwa hesabu ya gia injini inashuka mpaka kama 3980, konvata ndo inaiokoa isianguke mpaka huko. Injini yenye nguvu kwenye kipande chembamba cha mizunguko inateseka hapo. Na gari zito ndo usithubutu, litaondoka kama lori la mchanga.

TH400 hii ndo yangu, nisifiche. Ni ya General Motors (GM), ilitoka 1964, gia tatu, 2.48 na 1.48 na 1.00. Watu wanaiita Turbo 400 na wengine wanadhani ni ya magari ya tabo, hapana, jina ni Turbo Hydra-Matic tu, halihusiani. Ni nzito kuliko Powerglide na inakula nguvu zaidi, lakini ukishapita kilo 1500 na injini yako haina toki ya kutosha huku chini, gia ya ziada inakulipa. Ukibadili ya kwanza kwenda ya pili kwenye 7000 unashuka kwenye kama 4180, ya pili kwenda ya tatu kama 4730, tabo haipati muda wa kulala. Na kama 2.48 ni kali mno kwa tairi lako, kuna seti za gia za kwanza ya 2.10, kwa hiyo sio lazima ukimbilie Powerglide. Gari nyingi nilizoona zikihangaika na Powerglide zilitakiwa ziwe na TH400 yenye 2.10 tangu mwanzo.

Kama gari unaliendesha pia barabarani, yaani unaenda nalo uwanjani na kurudi nalo nyumbani, angalia 4L80E, nayo ni boksi ya GM. Ilikuja 1991, ndani ni ukoo wa TH400 umeongezewa gia ya nne ya 0.75 na konvata ya kujifunga, sema inataka kompyuta ya kuiendesha na ni ndefu na nzito. Ndugu yake mdogo 4L60E mwache, watu wanaijenga na inaenda, lakini ukipiga hesabu ya ulichoingiza ungekuwa umeshanunua 4L80E. C4 ya Ford ni nzuri kwenye gari jepesi.

727 ya Chrysler ni boksi ngumu ila ina tabia moja ya kuua. Ukichoma tairi kwenye gia ya kwanza alafu spragi ya nyuma (klachi inayoruhusu kuzunguka upande mmoja tu) ikavunjika, dramu ya mbele inazunguka kupita kiasi na inaweza kupasuka kama bomu, vipande vinatoka kwenye kesi palepale miguu yako ilipo. Ukiichagua, weka spragi ya kufungwa kwa bolti, dramu ya chuma cha kuchonga, na kava la nje. Kuchoma tairi anza na gia ya pili, na hii tabia jifunze hata kama boksi yako sio 727.

Wenye Mark II na Chaser huko nyumbani mtaniuliza A340. Ile ni boksi nzuri ya Toyota, Supra ya oto ya 2JZ ilitoka nayo, na ikijengwa inabeba zaidi ya watu wanavyodhani. Ukianza kulenga farasi wa tarakimu nne kwenye tairi la kushika, hapo ndo unaanza kuangalia TH400.

Neno "imejengwa" ndo limewaumiza wengi, mi mmoja wao. Mwanzoni nilinunua TH400 ya mkononi, jamaa kaniambia imejengwa kwa farasi 1200, imepakwa rangi inang'aa na stika kibao. Mara ya sita uwanjani gia ya tatu ikapotea. Kuifungua, klachi za kawaida, shafti ya stoku, kilichobadilishwa ni springi mbili za vavubodi, yaani ile sehemu inayoelekeza oili ili gia zibadilike. Tangu siku hiyo siulizi imebeba farasi wangapi, nauliza kilichomo. Shafti ya kuingilia ni ya chuma gani, ya stoku au ya 300M au ya juu zaidi? Klachi ngapi kwenye dramu ya tatu? Kwenye TH400 spragi ya kati ni ya elementi 34 au ni ile rola iliyokuja nayo? Habu la mbele ni la kuchonga? Pampu imesawazishwa? Vavubodi ni ya kubadili kwa mkono na pateni yake ni ipi? Muuzaji mkweli ana picha na risiti za spea, akianza kusema "we niamini tu" funga mkoba wako.

Transibreki ukiwa na tabo ni karibu lazima. Inafunga gia ya mbele na rivasi kwa pamoja ndani ya boksi, gari linasimama kama limegandishwa wakati injini inajaza busti (presha ya tabo), ukiachia kitufe solenoidi inaachia na gari linaruka. Lakini jua kwamba sekunde zote hizo nguvu ya injini inageuka moto ndani ya konvata, oili inapanda haraka ajabu, kwa hiyo ni sekunde mbili tatu, basi. Usifanye maonyesho. Weka kula (kipoza oili) kubwa yenye feni na geji ya joto la oili, mi napenda kuingia kwenye mstari nikiwa kwenye nyuzi kama 80.

Na konvata, jamani konvata. Mtu anatoa pesa yote kwenye boksi alafu anaokota konvata popote. Stoli, yaani mizunguko ambayo injini inafika wakati konvata imezuiwa isisukume gari, ikiandikwa kwenye katoni la mauzo haina maana peke yake, konvata ile ile nyuma ya injini yenye toki kubwa inapanda juu zaidi. Mpe mtengenezaji uzito wa gari, toki inapoanzia na inapoishia, saizi ya tabo, tairi, uwiano wa gia za difu, na kama unakimbia mita 201 au 402. Ya kufungwa kwa bolti inagharimu zaidi, ila unaweza kuifungua na kuibadilisha mambo ya ndani, na ukweli ni kwamba ya kwanza hainyooki mara moja.

Kujua kama imekaa sawa, piga hesabu ya kuteleza. Chukua maili za mwisho, zidisha na difu, zidisha na 336, gawa na kimo cha tairi kwa inchi. Maili 150, difu 3.70, tairi inchi 28, unapata 6660, hiyo ndo mizunguko ambayo ingekuwepo kama konvata ingekuwa chuma kimoja. Kama data inaonyesha injini ilikuwa 7100, basi inateleza asilimia 6 na kidogo, hapo usiiguse. Ikifika 15 unapoteza nguvu unayoilipia petroli. Hesabu hii inafaa ukiwa kwenye gia ya 1.00 tu.

Usalama sitaki kukuchosha. NHRA, chama cha mbio za dregi cha Marekani, wanataka swichi ya kuzuia gari kuwaka likiwa kwenye gia na kizuizi cha rivasi kwenye leva, na kadiri sekunde zako zinavyoshuka wanadai kava la boksi lenye cheti cha SFI 4.1 (SFI ni taasisi ya viwango vya usalama), fleksipleti (sahani inayounganisha injini na konvata) ya 29.1 na kava lake la 30.1. Hata kama uwanja wako hawakagui, vaa. Miguu ni yako.

Siku ya kufunga ndo boksi nyingi mpya zinapofia. Konvata lazima iingie mpaka mwisho kwenye pampu, unaisukuma huku unaizungusha na unasikia inadondoka hatua kwa hatua. Boksi ikishakaza kwenye injini, konvata lazima bado izunguke kwa mkono na kuwe na nafasi ya milimita 3 mpaka 5 kati yake na fleksipleti kabla hujavuta bolti. Ukiona bolti za belihauzi ndo zinavuta boksi ikutane na injini, acha hapo hapo, unavunja pampu. Wenye injini za LS za GM mkumbuke krenki nyingi za LS ni fupi kwa karibu milimita 10 ukilinganisha na za zamani, mnahitaji spesa au fleksipleti yake.

Jaza oili aliyosema fundi wako, usichanganye, washa, ongeza taratibu huku inaunguruma, pitisha gia zote gari likiwa juu ya stendi. Baada ya mara tatu nne uwanjani fungua sampu uangalie. Vumbi jeusi kidogo ni klachi zinajikalisha, kawaida. Ukikuta vipande vinavyong'aa usiiwashe tena hata kuipandisha kwenye trela, isukumeni kwa mikono, maana kila mzunguko wa injini unasambaza vile vyuma mpaka kwenye konvata na kula, na hapo utakuwa umenunua vitu vitatu badala ya kimoja.