Kumchora paka au mbwa wa rafiki, mali kwa mali

Hapa Kigoma wapo watu wengi wanaotamani kumweka mbwa au paka wao ukutani, ila hela ya kumpa mchoraji haipo. Kilichopo ni ufundi na mazao: rafiki mmoja ni fundi cherehani Mwanga, mwingine ana boti Kibirizi, mwingine anauza mawese Ujiji. Kwa hiyo tunabadilishana. Mimi nachora kwa penseli, wao wananipa walicho nacho. Ninavyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: Pataneni kabla hujashika penseli

Urafiki haukatai hesabu. Mwambie rafiki yako ukubwa wa karatasi, wanyama ni wangapi, fremu ni juu ya nani na picha itakuwa tayari lini. Naye aseme atatoa nini na lini. Mimi napima kwa jasho, si kwa bei ya sokoni: jioni ninazokaa na picha zilingane na muda anaotumia yeye kwenye kazi yake. Makubaliano yaandikwe kwenye ujumbe wa simu, kwa maneno machache tu: "Dada, nitakuchorea Popi kwenye A4, bila fremu. Wewe utanishonea sketi, kitambaa nanunua mimi. Picha utaipata Ijumaa ijayo, sketi ukishamaliza nguo za harusi."

Ukipatana na mvuvi, angalia mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea boti nyingi hukaa ufukweni. Ukimdai dagaa siku hizo atalazimika kwenda kuwanunua kwa mwenzake, na hapo utakuwa umemtwisha deni. Msubiri giza lirudi.

Hatua ya 2: Kapige picha mwenyewe

Usikubali picha ya zamani iliyotumwa kwa simu ikiwa na ukungu. Nenda nyumbani kwao asubuhi au jioni, mnyama awe barazani kwenye kivuli chenye mwanga. Jua la saa sita hufuta manyoya. Zima flashi, chuchumaa mpaka kamera iwe usawa wa macho yake, kisha mwenye mnyama asimame nyuma ya bega lako amwite jina. Masikio yatasimama, na hapo ndipo unapobonyeza. Akiwa mweusi, gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera iongeze mwanga, vinginevyo utapata doa jeusi lenye macho.

Kabla hujaondoka, uliza: "Ungemtambuaje kati ya mbwa kumi?" Majibu ya swali hili ndiyo picha yenyewe. Mtu yeyote atakuambia "mbwa wa kahawia," lakini mwenyewe atakuonyesha sikio la kushoto lililochanika, kidevu kilichoanza mvi, jicho moja linalolegea akiwa na usingizi. Yaandike yote. Ukimchora mbwa mzuri ukasahau lile sikio, umechora mbwa wa mtu mwingine.

Hatua ya 3: Miraba

Nenda stesheneri uchapishe picha ya sentimita 10 kwa 15, halafu punguza urefu ubaki 14. Piga juu yake miraba ya sentimita 1. Kwenye karatasi ya A4 piga miraba ya sentimita 2, kwa mkono mwepesi sana. Picha itakuwa 20 kwa 28 na itaenea, maana A4 ni 21 kwa 29.7. Hamisha mistari mraba kwa mraba, kisha ufute miraba. Wapo wanaodharau njia hii. Mimi naitetea, kwa sababu rafiki anamtaka Popi alivyo, na pua ikisogea kidogo tu si Popi tena.

Hatua ya 4: Macho kwanza

Mboni ya paka kwenye mwanga husimama wima na kuwa nyembamba, ya mbwa ni duara, ya mbuzi imelala. Acha kidoa cha karatasi nyeupe kwa ajili ya mng'ao, upande uleule kwa macho yote mawili, na utie kivuli chini kidogo ya kope ya juu. Macho yakishakamilika, mwonyeshe mwenyewe. Kama kuna cha kurekebisha, wakati wake ni huu, kabla hujaingia kwenye manyoya.

Hatua ya 5: Manyoya

Sharubu nyeupe huanza kabla ya giza. Chukua biki iliyokwisha wino, ikandamize karatasi kwa mstari mmoja wa haraka kwa kila sharubu. Utakapopitisha penseli juu yake, mfereji ule utabaki mweupe.

Kisha fuata mwelekeo wa manyoya. Yanaanzia puani: yanapanda kwenye paji, yanakwenda pembeni mashavuni, yanashuka shingoni. Karibu na pua ni mafupi mno, shingoni ni marefu. Kila mstari uunyanyue mwishoni ili uchongoke. Anza na penseli ya HB, ongeza 2B iliyo laini na nyeusi zaidi, na 6B, nyeusi kuliko hizo, iguse penye giza kabisa tu, kama ndani ya sikio na matundu ya pua. Paka wa milia huwa na alama ya herufi M kwenye paji, usiiruke. Usisugue kwa kidole: mafuta ya ngozi huacha madoa na manyoya hugeuka moshi. Chini ya mkono weka karatasi safi, maana joto la huku linatoa jasho.

Hatua ya 6: Kukabidhi

Sahihi iwe ndogo, kona ya chini. Nyuma andika jina la mnyama na mwaka. Fundi wa fremu aweke ukanda wa kadi kuzunguka picha ili kioo kisiguse penseli. Kama fremu ni juu ya rafiki, mpe picha ikiwa imelala kati ya kadi mbili ngumu, na umwambie asiiviringishe, kwa sababu risasi ya penseli itahamia upande wa pili.